Siku Kumi na Moja za Utajiri, na Barua ya Bima Niliyoijumlisha

Mwaka 1998, nikiwa na miaka arobaini na sita, nilikuwa tajiri kwa siku kumi na moja. Hapo ndipo shida yangu ilipoanzia. Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu! Itikieni kwa nguvu, maana leo sikusimama kuomba mchango. Nimesimama kushukuru.

Mnanijua. Mimi ni fundi mwashi wa Kibimba. Shule niliishia darasa la pili, baba alipofariki, nikashika mwiko wa kujengea na sijauweka chini. Hakuna aliyenishika mkono. Nalisema kwa majivuno, Mungu anisamehe, lakini ni kweli.

Mwaka 1990 tulikuwa tunajenga zahanati, akaja wakala wa bima ya maisha. Akasema, lipa kila mwezi kwa miaka kumi. Ukifa, familia inalipwa. Ukiwa hai, mwaka wa kumi unachukua akiba yako na faida juu. "Itafika laki saba," akasema kwa mdomo wake. Wenzangu wakacheka wakaenda zao kunywa. Mimi nililipa. Nililipa hata miaka ile wakimbizi walipomiminika wilayani kwetu, kuni zikawa za kununua na sahani ya maharage ikawa na bei ya kuku.

Kwa kujiamini huko nikanunua nyumba ya bati pale Ngara mjini, kwa mfanyabiashara mmoja, Mzee Bitariho. Nikatanguliza laki tatu. Laki saba zilizobaki nimpe bima ikiiva, mwaka 2000. Tukaandikishana: nisipomaliza siku hiyo, nyumba inarudi kwake na laki tatu zangu zinapotea. Nikaweka dole gumba.

Ndipo mwaka huo wa 1998 ikaja barua ya bima. Maneno yalikuwa mengi, na mimi maneno siyawezi. Lakini namba! Fundi gani asiyejua namba? Nikaona 700,000. Chini yake 400,000. Chini yake tena 300,000. Nikajumlisha. Milioni moja na laki nne!

Sikumpa mtu anisomee. Nimwanikie nani mambo yangu? Nikamwambia mke wangu, Mama Yudita, atengeneze pombe ya ndizi, tukanywesha kijiji. Jumapili nikasimama kigangoni nikaahidi mabati arobaini ya paa la kanisa. Vigelegele! Watoto wakawa wananiamkia njiani, "Shikamoo Milioni!" Na mimi naitikia, marahaba, marahaba, shingo ndefu kama korongo.

Siku ya kumi na moja nilikuwa shambani na Nestori. Huyu alikuwa mkimbizi wa Burundi, rika langu, aliyetoka kambini kuja kupalilia migomba yangu apate chakula. Jembe lilikuwa linamshinda. Nilizoea kumtania: "Nestori, unapalilia au unaikuna ardhi?" Anacheka tu. Lugha haikutusumbua, Kihangaza chetu na Kirundi chao ni mtu na mdogo wake. Siku hiyo nikaitoa barua mfukoni ili nimringie. Akafuta mikono kwenye suruali, akaisoma mpaka chini.

"Mzee, nani alikusomea hii?"

"Namba hazisomewi. Ni milioni moja na laki nne."

Akaketi juu ya majani makavu ya migomba. "Mzee, mimi nilikuwa karani wa bima kule kwetu, miaka kumi na miwili. Hizi hazijumlishwi." Akanyoosha kidole kwenye mkungu mmoja. "Wewe ulitarajia mkungu wa vichane saba. Huu uliopo unaelekea kutoa vinne. Vitatu ndivyo vinavyopungua. Sasa wewe umevipika vyote, pamoja na hivyo ambavyo havipo."

Ndugu zangu, nilimfukuza! Nilimfukuza bila maharage yake. Nyumbani Mama Yudita akaniuliza neno moja tu: "Baba Yudita, na kama amesema kweli, umemnyima nani chakula?"

Sikula. Asubuhi nikabeba maharage, nikaenda kambini, mimi Milioni, nikapita katikati ya mahema ya plastiki nikimuulizia mkimbizi. Nilimkuta kwenye foleni ya mahindi. Nikasema mbele ya watu wote, "Nestori, nisamehe. Nifundishe." Neno hilo sikuwahi kumwambia mtu tangu darasa la pili. Na hapo, ndugu zangu, ndipo Bwana alipovunja kile kiburi!

Nestori akanifungua macho. Kiasi kilichoandikwa kwenye hati ya bima ndicho cha uhakika. Faida ni makadirio, inapanda, inashuka. Wakala alinipa tumaini, nami nikalichukua kama ahadi. "Usiivunje bima leo," akasema, "ukiivunja kabla ya wakati utaambulia kidogo zaidi. Na usilie. Barua imekuja mapema kwa makusudi. Una miaka miwili. Anayelia ni yule anayeisoma siku ya mwisho."

Miaka miwili! Mungu alinipa miaka miwili nami nilikuwa nimeinywea pombe! Nikaenda kwa Mzee Bitariho nikamweleza ukweli wote. Akacheka mpaka akakohoa. "Milioni, siku ni ile ile," akasema. Sawa. Nikashika kazi niliyokuwa nikiidharau: kujenga vyoo kule kambini, nikiamrishwa na vijana wa umri wa Yudita. Ndizi zangu nikauza soko la kambini badala ya kuzikamua. Kila wiki fungu la pesa likaingia kwenye kopo la maziwa ndani ya sanduku, na ufunguo akashika Mama Yudita, maana mimi najijua.

Mwaka 2000 bima ikaiva. Ikatoa laki nne na elfu kumi na mbili. Kwenye kopo mlikuwa na laki tatu kamili. Nestori alihesabu, Mzee Bitariho akahesabu, na safari hii hakucheka. Ikabaki elfu kumi na mbili. Nikanunua mabati matatu nikayaleta hapa kigangoni. Haleluya! Yale thelathini na saba yalinichukua miaka tisa, ndiyo maana paa hili juu yenu lina rangi nne. Mvua haijui rangi.

Ndugu yangu mwenye barua uliyoificha kwa aibu, mtumaini Mungu, kisha mpe mtu akusomee. Hata kama ni yule unayemcheka. Hasa yule unayemcheka.

Leo nina nyumba ya bati Ngara mjini, ina wapangaji. Nina migomba ekari mbili, ng'ombe wawili na ndama, baiskeli moja, na mwiko ule ule. Nina rafiki aliyenifundisha kusoma, akarudi kwao Burundi, na bado ananiandikia. Na nina miwani. Barua zake nazisoma mwenyewe.