Walinificha Jua Nisife

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Itikieni polepole tu, maana leo sina pumzi ya kurudia. Na mniruhusu nishuhudie nikiwa nimekaa.

Mnakumbuka nilivyoanguka. Nilikuwa natoka kazini Changamwe, kwenye ghala la majani ya chai. Niliposhuka feri na kuanza kupanda ule mwinuko, jua la mchana likiwaka, kifua kilinibana nikaanguka mbele za watu. Hospitalini wakasema ni mshtuko wa moyo. Mungu akaniachia uhai.

Lakini sisi tumetoka Nyandarua kwenye baridi, na jua la Pwani hatujawahi kuliamini. Mume wangu, Baba Wanjiru, alisema jua ndilo lililotaka kuniua. Akatundika mapazia mazito, akaniweka chumba cha ndani, hata barazani akanikataza. Nanyi mlipokuja kuniombea mlimsifu. Alifanya kwa mapenzi, ndugu zangu. Nilikaa humo mpaka masika yakapita na mengine yakaja.

Nikawa mchovu kuliko siku niliyotoka hospitalini. Mifupa inauma, mapaja hayana nguvu, kuinuka kitandani mpaka nishikwe. Nikajua moyo ndio unaisha. Nilichoka hata kuomba. Nikamwambia Mungu anichukue tu, mume wangu naye apumzike.

Baba Wanjiru akanibeba mpaka kliniki. Daktari, dada mmoja mzaliwa wa hapa Likoni, akapima moyo, akapima na damu. Tuliporudi kuchukua majibu akaniuliza, "Mama, kwani wewe huoti jua?"

"Jua ndilo lililoniangusha, daktari."

"Silo, mama. Mshipa wa moyo uliziba. Sasa mwili wako umepungukiwa na vitamini D, na ngozi huitengeneza ikipata jua. Nawaona wengi waliopatwa na mshtuko wa moyo wakiwa hivi, wamefungiwa ndani."

Akanipa vidonge. Akasema wazi kwamba haviutibu moyo, na dawa zangu za moyo nisiache hata moja. Lakini maumivu ya mifupa na ule ulegevu vingepungua, na asubuhi nitoke nje kidogo.

Sikufurahi, ndugu zangu. Nilikuwa nimeshazoea kungoja kufa. Nguvu zimerudi taratibu mno, na bado mimi ni mgonjwa wa moyo. Lakini leo nimetoka nyumbani Timbwani mpaka hapa kanisani kwa miguu yangu, nikipumzika njiani. Namshukuru Mungu. Nawe uliyelala umekata tamaa, mtumaini Yeye, na ukubali kupelekwa ukapimwe.

Nimebakisha neno moja. Baba Wanjiru amekaa kule mlangoni. Tangu siku ya majibu hanitazami usoni, anasema alinizika nikiwa hai. Nimemjibu nyumbani, hasikii. Basi nasema mbele yenu nyote. Baba Wanjiru, mimi sina neno nawe. Njoo ukae hapa karibu yangu.