Sega la Nyamusi na Mvua ya Kisegi

Pale Sindo, ukitoka sokoni kuelekea ziwani, kuna benchi la mbao nje ya saluni ya Nyamusi. Benchi ni la Hemed, aliyehamia huku kutoka Lamu na birika lake la kahawa. Sisi wengine tunaleta midomo tu. Maxwell, fundi wa simu, tunamwita Injinia. Nashon, mkulima wa Kisegi, tunamwita Wingu, maana tangu jua lianze kuchoma mahindi yake hana habari nyingine isipokuwa mvua. Asubuhi hiyo Wingu alikuwa amekuja kunoa shoka. Alilifunga kwenye keria ya baiskeli, akaketi, akaomba kikombe. Kabla hajapiga funda la pili, Nyamusi akapiga yowe.

— Yawa! Kujeni muone! Maji inapinda!

Tukajazana mlangoni. Nyamusi alikuwa akimchana mteja nywele zilizotoka kukaushwa. Alikuwa amefungua kidogo bomba la mtungi ili aoshe mkono mmoja, na ule mwingine bado umeshika sega la plastiki. Maji yalishuka membamba kama uzi. Akalisogeza sega karibu bila kuyagusa, na uzi ule ukaliinamia sega kama mtu aliyeitwa jina.

— Rudia! nikasema.

Akachana tena nywele za mteja, akalisogeza tena. Maji yakapinda tena. Huko chini, uzi ulipokatika ukawa matone, matone yalitawanyika pembeni, na moja likaruka likagonga sega.

— Wallahi nimeliona likiruka! Hemed akasema. Injinia, hii ni nini?

— Hiyo ni stima, mzee, umeme kabisa, Maxwell akajibu, kifua mbele. Ukichana nywele kavu, sega inabeba stima kidogo. Maji inaisikia, inavutwa. Na leo hewa imekauka, ndiyo maana inafanya poa.

— Na kahawa je?

Hemed hakungoja jibu. Aliinamisha birika lake taratibu, kahawa ikatoka nyembamba, Nyamusi akaleta sega. Kahawa nayo ikapinda! Tulishangilia mpaka mwenye duka la pili akatoka kuuliza nani amefunga bao.

Kuanzia hapo hakuna aliyeketi.

— Sikieni, Maxwell akasema. Tunatengeneza sega kubwa kama paa ya kanisa. Tunaipandisha juu ya milima ya Gwassi. Tunaisugua. Ziwa inapanda yenyewe mpaka kwa mashamba!

— Na samaki? Hemed akauliza.

— Samaki inakuja na maji. Bure!

— Omena inyeshe Gwassi! Nyamusi akacheka mpaka akashika ukuta.

Nami sikutaka kuachwa. Nikasema mashua zitafungwa sega mbele, zitembee bila petroli. Hakuna aliyenipinga.

Nashon peke yake alikuwa ameinama akitazama kidimbwi cha kahawa sakafuni.

— Injinia, akasema. Kwa hivyo stima inavuta maji.

— Kabisa.

— Na mvua ni matone ya maji.

— Sasa je!

— Na kwa waya kubwa ya barabarani, stima ni mingi kuliko ya sega?

— Omera, usilinganishe! Hiyo ni sega mara elfu!

Nashon akasimama.

— Basi nimejua. Waya iliyoenda kwa Mayaka inapita juu ya shamba yangu. Tangu hizo nguzo zisimamishwe, mvua hainijui tena. Nilisema, watu wakanicheka. Sasa mumeona na macho yenu.

Mayaka ni jirani yake. Wawili hao walikuwa wakilimiana, wakizikiana. Tangu nguzo zile zifike, Nashon hakuwahi kumpa hata salamu. Sasa alikuwa akifungua kamba ya shoka.

— Wingu, ngoja, Maxwell akasema, sauti imepungua. Mimi nilikuwa naongea tu.

— Uliongea ukweli.

— Ukiangusha nguzo, waya itakuua! nikamwambia, nikaishika baiskeli kwa mikono yote miwili.

— Mahindi imekufa. Watoto wangu wanakula nini? Niachilie.

Sikuiachilia baiskeli, lakini shoka lilikuwa tayari mkononi mwake.

Pikipiki ikasimama mbele yetu. Akashuka mwanamke mwenye leso kiunoni: Bochaberi, mke wa Mayaka mwenyewe. Hakuwa amewahi kufika kwenye benchi letu. Akatusalimia wote, kisha akatazama shoka.

— Baba Mourine, akamwambia Nashon, unaenda wapi na hiyo?

— Kwenu. Kukata nguzo. Waya yenu inavuta mvua yangu.

Nilidhani atacheka au atapiga kelele. Hakufanya lolote kati ya hayo. Aliuliza nani amesema hivyo, na Nyamusi, kwa aibu kidogo, akamwonyesha sega na maji. Bochaberi akainama, akatazama kwa makini uzi ule ukipinda.

— Kweli inavuta, akasema. Na hiyo waya, ikishavuta mvua, inaiweka wapi?

Nyamusi akafunga bomba.

— Nauliza tu. Kwetu mahindi pia imekauka. Chini ya waya ni vumbi tupu. Ningejua inaiweka wapi, ningebeba ndoo niende.

Hemed akakuna ndevu. Mimi nilitazama juu, sijui nikitafuta nini, maana angani hakukuwa na kitu.

— Hata kwenu haijanyesha? Nashon akauliza polepole.

— Si ungevuka ua ukaona?

Hakuwa amevuka. Akaketi, shoka kati ya miguu, akajifuta uso kwa kofia.

— Nimekuja kukutafuta, Bochaberi akaendelea. Pampu yetu ya stima imefika. Maji itatoka ziwani, lakini paipu lazima ipite kwa shamba yako. Mayaka anasema ikipita, imwagilie yako kwanza. Ameogopa kuja mwenyewe.

— Mayaka ananiogopa mimi?

— Humsalimii.

Nashon akanikabidhi shoka bila kunitazama, akasimama, akaikung'uta suruali.

— Nimwambie nini? Bochaberi akauliza.

— Usimwambie kitu. Nitamwambia mimi.

Bochaberi alidhani watapanda pikipiki pamoja, lakini Nashon alielekea sokoni kwanza, kwa wauza samaki, akachagua ngege wawili wanono. Alisema baada ya kimya kirefu namna ile hawezi kuingia kwa mtu mikono mitupu.