Mpira Niliomchagulia Kija

Mheshimiwa Diwani wa Kata yetu, Ndugu Afisa Elimu Kata, Mwalimu Mkuu, walimu wenzangu, wazazi, wageni mliotoka mjini na maboksi yenu ya zawadi, na ninyi wanangu wa Kitengo: wakubwa wangu shikamooni, wengine wote habari za mchana.

Mnaniaga leo baada ya miaka thelathini na mmoja ya ualimu, kumi na minane kati ya hiyo nikiwa katika Kitengo cha watoto wenye mahitaji maalumu hapa Mkolani. Mwalimu Mkuu amenisifu sana. Amesema Mwalimu Teodora hajawahi kukosea kumsoma mtoto. Mwalimu Mkuu, wewe ulihamia hapa mwaka juzi, kwa hiyo naomba uniruhusu nisahihishe.

Miaka sita iliyopita, wiki ya mwisho kabla ya likizo ya Desemba, walikuja wageni wema kama hawa. Walileta midoli, vinanda na mipira ya rangi, na kila kitu kilibandikwa karatasi ya umri. Nikapewa heshima ya kugawa.

Kija Luhende alikuwa na miaka kumi na minne, mrefu kunipita. Alikuwa na usonji, hakuwa na maneno, na kila kitu kipya alikinusa kwanza, kisha akakitia mdomoni. Mama yake, Evelina, anayeuza dagaa Igoma, alimleta asubuhi ile, akaona maboksi, akanivuta pembeni.

"Mwalimu, huyu wangu mpe kitu kizito. Nyumbani namwekea mfuko wa mchanga mapajani, anatulia."

"Mama Kija, hizi zimepangwa kwa umri."

"Umri wa Kija naujua mimi. Ana kumi na minne, lakini mdomo wake bado ni wa mtoto wa miaka miwili."

Nikamjibu, na maneno haya nayarudia mbele yenu kama yalivyotoka: "Mama, wewe nenda sokoni. Sisi tumesomea."

Nilimpa Kija mpira wa kubonyeza, uliojaa shanga laini zinazoteleza. Karatasi ilisema miaka minane na kuendelea. Aliubonyeza, akaunusa, akacheka kwa sauti. Mimi nikageuka kupiga picha na wageni.

Niliposikia viti vinaanguka, mpira ulikuwa umeshapasuka na Kija ameshika koo. Tulimpiga mgongoni, tukambinya tumbo, tukambeba kwenye gari la wageni. Hatukumfikisha hospitali akiwa hai.

Nilikwenda Igoma mwenyewe. Evelina alikuwa anapepeta dagaa. Aliponiona, hakuuliza kama mtoto anaumwa. Aliuliza, "Umempa nini?"

Ndugu Afisa Elimu, taarifa ya siku ile inasema ni ajali. Niliiandika mimi. Haisemi popote kwamba mama alinionya. Nililiacha hilo kwa makusudi, kwa sababu niliogopa, na kwa miaka sita mmekuwa mkinipa vyeti vya utumishi bora.

Miezi mitatu baadaye nilikwenda nyumbani kwa Evelina, nikaanza kulia. Akanikatiza. "Usinililie hapa. Niambie, hao waliobaki unawapa nini?" Jumatatu iliyofuata alikuja Kitengo, akakaa sakafuni na watoto, akawaita wazazi mmoja mmoja, akawauliza kuhusu mtoto wao: Mkono wake unapenda nini? Unakimbia nini? Nini kinaishia mdomoni? Je, mimi niliyesomea, niliwahi kuuliza hayo?

Masalu, wa miaka sita, asiyeona, tulimpa kibuyu chenye mbegu ndani, kimezibwa imara. Winnie, anayeziba masikio kengele ikilia, hakupewa chochote kinacholia. Alipewa kanga iliyofuliwa mpaka ikalainika. Na Shigela, kijana wa miaka kumi na tisa ambaye kila mwaka tulimpa mdoli naye kila mwaka akautupa? Mama yake alisema anapenda kupitisha kiganja kwenye brashi. Tukampa brashi ya viatu. Sasa anang'arisha viatu vya walimu wote, na hajatupa kitu tena.

Wageni wetu, ratiba inasema saa nane nitagawa zawadi zenu. Sitagawa. Mwalimu Suhaib, anayepokea kazi yangu, atakaa na kila mzazi wiki nzima, na maboksi yatafunguliwa mbele ya mzazi. Baadhi ya vitu mtarudishiwa. Najua inauma kurudishiwa zawadi. Naomba iwaume.

Mheshimiwa Diwani, barua yangu ya kusahihisha taarifa ile iko mkononi mwa Afisa Elimu tangu asubuhi. Likifuata lolote, nyumbani kwangu mnapajua.

Nawashukuru walimu wenzangu. Nawashukuru wazazi mlioendelea kuniachia watoto bila kujua mnamwachia nani. Mama Kija yuko pale, safu ya tatu. Hajaniambia kwamba amenisamehe, wala sijamwomba. Jana nilimpigia simu kumwambia kwamba nitayasema haya hadharani. Akasema, "Sema yote, halafu ukae chini."

Nimesema yote. Asanteni kwa kunivumilia mpaka hapa. Nakaa chini.