Mtoto wa Paa Bado Amelala Nyasini

Funga huo mlango, Elius, ukungu unaniingia kifuani, na wewe Tabea sogea huku upande wa kichwa, maana sauti yangu imebaki nyembamba na sitaki kusema neno mara mbili. Kaeni karibu. Najua hamjakaa benchi moja tangu baba yenu azikwe, lakini leo mtagusana mabega mpende msipende, kwa sababu anayewaomba ni mama yenu na hana siku za kuwabembeleza. Nisikilizeni, wanangu, nisije nikakata kauli kabla sijafika kwenye jambo lenyewe.

Mali niitoe njiani kwanza. Nyumba hii ni yenu nyote wawili. Mapaina ya kule bondeni ni ya Elius, uyavune yakikomaa, usiyauze yangali fito kama wanavyofanya vijana wa siku hizi. Mianzi ni ya Tabea. Baba yenu alisema hivyo akiwa na akili zake timamu, mimi nikiwa nachambua maharage hapo mlangoni, na wewe Elius ulikuwepo pia, ukajifanya unatafuta panga. Hayo maneno yako kwamba mwanamke hagemi ulanzi yameniudhi miaka yote hii. Mianzi ikitoa pombe yake haimuulizi mtu kavaa suruali au kitenge. Inataka mkono wa kuikata asubuhi na jioni bila kuchoka, na Tabea anao. Nimemaliza. Asinijie mtu kaburini na habari za mianzi.

Sasa linalonikatalia kufa vizuri. Sidaiwi na mtu mzima yeyote, nadaiwa na mtoto.

Hosiana, mdogo wenu, alipofariki aliniachia Rejoice angali ananyonya. Nimemlea katika jiko hili la nyuma ambalo wewe Elius unataka kulivunja ujenge la vigae. Nimemlea kama nilivyowalea nyinyi: fimbo sikuishika sana, niliwashika wanyama wa hadithi. Mtoto akidokoa nyama chunguni, jioni fisi ananaswa na tumbo lake mwenyewe. Akimpiga mwenzake, jioni tembo anachomwa na mwiba na anakosa wa kumtoa. Watoto wa shule ya Jumapili hapa Kifanya niliwafundisha hivyohivyo, mpaka mchungaji aliyetangulia akaninung'unikia kwamba kwangu nyani ni wengi kuliko mitume. Lakini watoto walishika, na hakuna aliyeshika kama Rejoice. Alikuwa akisikiliza mdomo wazi, uji unamwagika mapajani naye hana habari.

Mnaikumbuka ile ya mtoto wa paa. Msijifanye mmesahau, mliicheza papa hapa, Elius ukiwa fisi na Tabea ukijikunja chini ya kapu. Nairudia kidogo ili ijulikane nilipoishia. Paa anamlaza mwanawe ndani ya nyasi ndefu, anamwambia: lala hapa, usitikisike, usimwitikie mtu, hata akikuita jina lako, hata akikuita mwanangu, mpaka usikie wimbo wangu. Anakwenda kutafuta maji. Fisi anapita, analainisha sauti, anaita: njoo mwanangu, njoo unywe maziwa. Mtoto kimya. Nyani anaita. Kimya. Chui anaita jina lake kabisa. Kimya, ameweka kidevu chini, anapumua kidogo kidogo. Ni hadithi ya kumfundisha mtoto kutii, na kumfundisha asifuate kila mdomo mtamu, na ni hadithi nzuri, siikani hata leo. Nami huikata hapohapo kwa chui, mama hajarudi, ili mtoto alale na hamu, na kesho yake jioni ndipo namleta mama na wimbo wake. Hivyo ndivyo mama yangu alivyonifanyia, na ndivyo nilivyowafanyia nyinyi. Na tangu lini katika nyumba hii hadithi ikasimuliwa mchana? Mchana ni wa jembe, hadithi hungoja moto uwashwe.

Rejoice nilimkatia hapo kwa chui. Asubuhi yake, ukungu haujainuka, Joackim akafika na gari la kuazima. Simsemi vibaya, ni baba yake, ana haki yake, ana biashara yake ya mbao kule Makambako na mke mwingine na nyumba ya bati jipya. Akasema anampeleka mtoto akaione shule tu, Jumamosi anamrudisha. Kila asubuhi mimi ndiye niliyekuwa namwamsha kwa ule wimbo wa paa, kama nilivyowaamsha nyinyi, lakini siku ile sikumwimbia, honi ya gari ndiyo iliyomwamsha. Akanishika kitenge, akaniuliza, "Bibi, mama yake alirudi?" Nikamwambia, "Jioni nitakuambia, mwanangu. Sasa ni asubuhi." Akaridhika. Akapanda gari hana hili wala lile. Jumamosi ikaja bila Joackim, na Jumamosi iliyofuata mimi nikawa siwezi tena kuinuka hapa.

Habari za Makambako mnazo, lakini mnazo kama walivyowapa. Kwanza walisema mtoto ana kiburi. Kisha wakasema anaumwa, wakampeleka zahanati, hakuonekana na kitu. Kisha wakasema ni pepo, akaombewa mpaka waombaji wakakauka koo. Akiitwa haitiki. Mwalimu akitaja jina lake darasani anainamisha kichwa mezani, anatulia tuli. Nyumbani anaingia chini ya kitanda, anaweka kidevu sakafuni, chakula hagusi. Na yule mke wa Joackim, ambaye nasikia ni mwanamke mwema, mwenye sauti laini, anapiga magoti na kikombe chake mkononi, anamwita: njoo mwanangu, njoo unywe maziwa.

Sasa mnatazamana. Mimi nilipoelezwa hilo la maziwa nilishika shuka nikataka kupiga yowe, kifua kikanikatalia. Mtoto haumwi, wala hana pepo. Anatii! Nimefundisha watoto maisha yangu yote, na huyu ndiye aliyeshika fundisho lote bila kuacha chembe, na kushika huko ndiko kunakommaliza.

Tabea ni shahidi, ndiye aliyenipigia simu kwa Joackim. Kule Makambako Joackim akaisukuma simu yake chini ya kitanda. Nikaita, "Rejoice, ni mimi bibi yako." Lakini sauti hii imekuwa mkwaruzo mtupu, hata mimi mwenyewe siitambui nikiisikia. Nikajaribu wimbo, kikohozi kikanishika katikati. Hakuitika. Nilimsikia akipumua, kidogo kidogo, kama nilivyomfundisha. Nililia siku ile, wanangu, kwa sababu nilikuwa nimebakiwa na kitu kimoja cha kumpa na koo limekataa kukitoa.

Elius, usifungue mdomo kuniambia aelezwe kwamba ni hadithi tu. Baba yake amemweleza. Mwalimu amemweleza. Fisi naye angemwambia hivyohivyo.

Basi wosia wangu ni huu. Mtakwenda Makambako leo, nyinyi wawili, kwa gari moja na kiti kimoja. Mkifika msimkimbilie mtoto, msimvute mguu, msimpelekee pipi. Ngojeni giza liingie. Washeni moto, hata kama ni jiko la mkaa, mlisogeze mpaka mlango wa chumba anapolala. Elius kaa hapo mlangoni na usiseme neno, una sauti ya mashine ya kupasua mbao na wewe ndiye uliyekuwa fisi; kazi yako ni kuonekana tu, ajue mjomba yupo. Tabea uanze kusimulia kuanzia kwa chui. Usiharakishe. Usimtaje Rejoice kwa jina, mtaje mtoto wa paa.

Sasa sikiliza vizuri, Tabea, maana hapa mwisho nimeubadilisha. Ule wa zamani mama anarudi. Nimeutafakari nikiwa nimelala hapa, siwezi kumpa Rejoice mwisho ule. Mama yake yuko pale juu kwenye makaburi, na mimi niliyekaa mahali pake naenda kulala kando yake. Mkimwambia paa amerudi, mtoto atatoka nyasini, ataangalia huku na huku asimwone, na hatamwamini tena mtu yeyote mwenye mdomo. Mwambie ukweli. Mwambie mama paa hakuweza kurudi, maji yalikuwa mbali na nguvu zilimwishia. Lakini kabla hajalala alimwita paa mwingine, dada yake mkubwa, akamfundisha wimbo neno kwa neno, akamwambia kimbia, mwanangu yuko nyasini ananingoja. Na huyo dada akakimbia. Hapo ndipo unaimba.

Umande umekauka,
nyasi zimeinuka,
nyanyua kidevu,
wa kwenu amefika.

Uimbe taratibu, unyamaze, uimbe tena. Je, atatoka? Sijui. Hadithi hii nimeisimulia tangu nikiwa msichana, lakini mwisho huu sijawahi kuujaribu kwa mtoto, na wa kuujaribu si mimi tena. Akitoka, mpeni maji, kisha mngoje aulize mwenyewe. Joackim msigombane naye. Akikataa kumtoa Rejoice aje huku, abaki kwa baba yake, sikuwatuma kuteka mtoto. Nimewatuma kumtoa nyasini.

Na nikifa hamjafika, msigeuze gari. Nawajua watu wa Kifanya, watasema watoto wa Esnath wamemwacha mama yao maiti wakakimbilia mjini. Waacheni waseme. Wanajumuiya watakaa nami, kwaya itaimba, na kwa baridi hii siharibiki upesi. Mtoto ndiye asiyeweza kungoja, mnajua alivyokonda.

Nipe maji kidogo, Tabea. Hapana, basi, hayapiti. Leteni mikono. Wa Elius huu, wa Tabea huu, shikaneni, msiniachie mimi kuishikilia, sina nguvu. Mungu aliyewalinda mkiwa chini ya kapu langu awalinde njiani. Mzae, mlee, msimulie. Elius, nakubariki na ukaidi wako wote. Tabea, nakubariki na kinywa chako, kiwe kinywa changu leo jioni. Jiko msilivunje.

Sasa niimbieni kidogo, nijue mnaondoka nao. Mbona mnalia? Mtoto hatautambua mkiulilia hivyo. Haya, tuanze wote. Umande umekauka… nyasi zimeinuka… nyanyua…

Endelea, Tabea. Elius, msaidie. Msiningoje mimi.