Historia ya Baba Yetu, Mzee Taulo wa Chumba cha MRI

Ndugu waombolezaji, familia imenituma niwasomee safari ya baba mkwe wangu, ambaye hospitali nzima ilimwita Mzee Taulo, na mkiniona natabasamu mnisamehe, kwa maana maisha yake hayasomeki kwa uso wa kununa.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1956, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, akiwa kitinda mimba wa fundi wa breki na mshona mashuka. Alisoma shule ya msingi na sekondari hadi mwaka 1974, akahitimu upigaji picha za eksirei mwaka 1978, na mwaka huohuo akaajiriwa hospitali kuu, ambako alidumu hadi alipostaafu. Tarehe 12 Aprili 1980 alifunga ndoa na muuguzi wa wodi ya watoto, huyu mama yetu aliyekaa hapa mbele, wakajaliwa watoto wanne, na mume wangu ni wa tatu.

Mwaka 2010 mashine ya MRI, ile inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, ilipowekwa hospitalini, yeye na daktari wa picha, mama mmoja mpole, walijifunza pamoja picha inayofuata mwendo wa maji mwilini, ambayo huonyesha mahali seli zilipobanana maji yakakwama, kama kwenye saratani, na mahali maji yanapopita bila shida. Walianza kuitumia kwa wanaume wenye uvimbe wa korodani, lakini picha zilitoka na ukungu, wakalaumu mashine, kumbe wagonjwa walikuwa wakitetemeka kwa baridi na kwa aibu. Ndipo baba akaleta taulo za nyumbani, akazipasha joto, akakunja moja kuinua sehemu hiyo katikati ya mapaja, nyingine akamfunika mgonjwa, huku akimwambia, “Mwanangu, humu ndani hakuna aibu, kuna picha tu, tulia tuli kama maji mtungini.” Picha zikatakata, na taulo zote alizifua mama yetu huyu.

Mwaka 2015, sisi tukiwa maharusi wapya, mume wangu alivimba korodani, naye alikuwa amebakiwa na hiyo moja tu tangu ajali ya utotoni, na siku ya kuiondoa ilishapangwa. Baba alisema, “Leo mimi ni baba mtu, si mpiga picha,” akamwachia mwenzake mashine, ila taulo aliikunja mwenyewe, kisha akaja kukaa nami kwenye benchi la korido akanishikia mkoba. Picha ilionyesha maji yanapita, vipimo vya damu vikawa safi, na daktari wa upasuaji, baada ya kushauriana na daktari wa picha, aliweka kisu chini akasema tungoje tukiangalia. Ilikuwa damu iliyovilia, ikayeyuka taratibu, na huyu mtoto anayenivuta gauni nikisoma ndiye jibu la picha ile.

Baba alianza kuugua figo mwaka 2022, akafariki asubuhi ya tarehe 3 Novemba 2024, katika hospitali aliyoitumikia, na muuguzi wa zamu, bila kuombwa na mtu, alikuwa amemkunjia taulo yenye joto chini ya kichwa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wafanyakazi wenzake waliokuja na sare zao, na majirani waliotupikia na kutubebea maji tangu siku ya kwanza. Na ninyi akina baba sita, ambao miaka yote mlipokutana naye barabarani mlimtikisia kichwa tu mkapita, naye akawatunzia siri hadi kaburini, leo mmekuja na wana wenu, mkamwambia mama mbele ya watu wote, “Mimi ni wa taulo, naomba nimbebe.” Jeneza ni lenu.

Baba, sasa ni zamu yako, tulia tuli kama maji mtungini, upumzike kwa amani.