Mitungi Isiyoguswa na Sabuni
Na Evelina Ngosha, Maabara

Sauti iliyonibaki kichwani kutoka kituo hiki cha kuzalisha samaki ni ya vifaranga wa sato wakigonga uso wa maji kwa midomo, wakitafuta hewa. Ilikuwa kama mvua inayoanza. Asubuhi ile ya joto kali, mwaka 1991, Mzee Nestory Mayala alipiga magoti ukingoni, akisikiliza. Kufika mchana palikuwa kimya. Walikufa wote, isipokuwa wa bwawa moja.

Mzee Mayala, fundi sanifu wa maabara, anastaafu tarehe 30 Juni 1997, baada ya miaka thelathini na mmoja kazini.

Tope la bwawa lile lililopona ndilo alilochota. Yeye na watafiti walikuta humo bakteria wanaokula uchafu kabla joto halijaugeuza sumu. Aliwatunza kama kwao Magu wanavyotunza maziwa ya mgando: kidogo cha jana hubaki kibuyuni kianzishe cha leo. Aliwafuga kwenye mitungi ya kioo, na ilikuwa mwiko mitungi hiyo kuguswa na sabuni, ambayo ingewaua.

Odeta wa usafi hakumwacha apumue: "Mzee, mtindi wako unanuka! Utatukaribisha lini?"

"Panga foleni, mama. Sato wako mbele yako."

Tangu alipoanza kuwamimina bakteria hao mabwawani, vifaranga wetu walivuka salama kila kiangazi, na wafugaji walikuja kuwachukua, kutoka Igoma hadi Ukerewe.

Sasa kituo kimeuzwa. Mnunuzi anajenga kiwanda cha minofu ya sangara, na mabwawa yatafukiwa. Wengi wetu tumepunguzwa kazi. Mzee alizunguka ofisi zote akiomba bwawa moja tu libakizwe kwa ajili ya bakteria wake. Aliambiwa sangara hafugwi bwawani. Jumatatu iliyopita tulimkuta akiosha mitungi yake kwa sabuni, mmoja baada ya mwingine.

Mzee Mayala, asante kwa kutufundisha kusikiliza maji. Tunakuombea afya, mvua ya kutosha na usingizi mtulivu huko Magu.

Ule mtungi mdogo wa dirishani, wenye bakteria wako, usiutafute. Niliuchukua kabla hujaufikia, nikavuka nao ziwa hadi Nansio, kule Ukerewe, kwenye bwawa la mteja wako wa siku nyingi, Suzana Kashindye. Kazi ya kiwandani niliyopewa na mnunuzi nimeikataa. Chumba nimeshapanga, hukohuko Nansio.