Haddu wa Bassu, Aliyefungua Mnada wa Tiziwulli

Wazee wetu, akina mama, na ninyi mliovuka mlima katika matope haya kuja kukaa nasi, mimi ni Assu, mdogo wake marehemu, na ukoo umenipa kazi ya kusoma maisha ya kaka yangu, kazi ambayo ningempa adui yangu kwa furaha.

Haddu wa Bassu alizaliwa hapa Tiziwulli mwaka 1951, cheti kinasema tarehe mosi Januari kama kinavyosema kwa nusu yenu mliokaa hapa, lakini mama yetu alishikilia hadi kufa kwake kwamba ilikuwa vuli, siku ya pili ya mnada, nyuma ya punda wa muuza chumvi, na baba hakuja kumwona mtoto mpaka alipomaliza kuuza.

Alisoma Kurani msikitini kwetu, kisha akaingia shule ya msingi ng'ambo ya mto Oktoba 1959, akaacha baada ya miaka miwili, mwalimu akisema kichwa anacho, ila macho yote yako dirishani kwa kondoo.

Mwaka 1974, baba alipopofuka, Haddu alishika udalali, na pamoja nao jukumu la nyumba yetu, ambalo ni kufungua mnada kila vuli mifugo inaposhuka kutoka malisho ya juu, kwani hapa hauzi mtu hata kuku kabla sisi hatujauza kondoo mmoja mbele ya watu, viganja vikagongana, na muuzaji akavua kamba shingoni mwa mnyama, kwa maana mnyama huenda na mnunuzi, baraka hubaki na kamba. Ile yetu ilisokotwa kwa manyoya ya mbuzi na babu wa babu yetu.

Tarehe 14 Oktoba 1976 alimwoa Itto, huyu shemeji yangu mnayemwona, ambaye vuli iliyotangulia alileta beberu mnadani na kumwambia mbele ya watu, "Dalali, mbona unamsifu hivyo, unataka kumwoa yeye?" Walijaliwa watoto sita, wanne wako hai, watatu kati yao wako ughaibuni, na Zaid ndiye aliyebaki na baba yake.

Ukame mnaujua, sina haja ya kuusimulia. Mei 2022 walikuja wageni kutoka mji mkuu, wakapiga picha, wakatuambia mnada wetu ni urithi hai, wakala kuskusi, wakaondoka, na hakuna aliyeuliza huo uhai unakula nini. Mwaka jana baraza likatangaza kwamba mnada usipofunguliwa vuli hii, uwanja utachukuliwa, na mifugo iuzwe mjini kando ya lami. Kaka yangu alikuwa amebaki na kondoo jike mmoja wa kufungulia mnada, akawa anamlisha shayiri ya mkate wake mwenyewe.

Kifua kilianza kumsumbua mwaka 2019, na tarehe 20 Septemba mwaka huu wa 2024 kilimbana hadi akashindwa kusema. Zaid, kwa kumhurumia mzazi wake, alimvuta yule kondoo hadi barabarani, akamuuza kwa mfanyabiashara wa lori apate gharama za hospitali, na katika haraka ile akamwachia na ile kamba ya ukoo shingoni. Sitaki kumsikia mtu akimlaumu kijana huyu. Baba yake alipopata pumzi aliuliza, "Kamba iko wapi?" Zaid akajibu, "Baba, nilisahau, nilikuwa nakuwaza wewe." Haddu akasema, "Mwanangu, kondoo alikuwa wangu. Kamba si yangu."

Alikataa hospitali, akaondoka na fimbo yake kumtafuta yule mtu soko hadi soko, akampata katika mvua, naye mfanyabiashara, ambaye wala hakuwa mtu mbaya, akamfungulia lori akisema, "Kamba, mzee? Humu zimejaa, chagua yoyote." Kaka yangu alizishika moja moja, zote zilikuwa za plastiki. Alirudi akiwa na homa, tukampeleka hospitali kwa nguvu, na alifariki alfajiri ya Jumatano, tarehe 2 Oktoba 2024.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompokea akiwa ameshachelewa, majirani mliochimba kaburi katika ardhi ambayo chini ya tope hili ni ngumu kama jiwe, na madalali wenzake mliokuja bila mnyama hata mmoja wa kuuza.

Mnada ni Alhamisi. Jana Zaid aliniuliza kama anaweza kuazima kondoo na kuufungua kwa kamba mpya, au kama kufanya hivyo ni kumdanganya Mungu na watu. Nimekaa nalo usiku kucha. Mambo kama hayo tulikuwa tunamuuliza Haddu.

Lala salama, kaka, Mungu akupokee kwa upole. Sisi huku hatujui la kufanya.